Julai: Mwezi Wenye Jina la Mtawala na Siku za Watu Wengi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa historia na wa Kiswahili, wazee wetu mliokubali kuungana nasi, wanafunzi na wageni waalikwa, nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kuzungumza mbele yenu kuhusu mwezi wa Julai. Nimepewa mada pana, nami sitajaribu kuimaliza. Nitaeleza mwezi huu ulikotoka, alama zinazohusishwa nao, na baadhi ya mambo makubwa yaliyotokea ndani yake, hasa katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Ninalotaka kulithibitisha ni moja: mwezi wenye jina la mtawala mmoja wa kale ndio uliobeba, kwetu sisi, baadhi ya siku ambazo watu wengi wasio na vyeo waliamua kushika mambo yao wenyewe. Kwa sababu hiyo naamini unastahili kufundishwa kwa uangalifu kuliko tunavyoufundisha sasa.

Nianzie Roma. Katika kalenda ya zamani ya Warumi mwaka ulianza Machi, na mwezi tunaouita Julai uliitwa Quintilis, yaani wa tano. Baadaye Januari na Februari zikawekwa mwanzoni mwa mwaka, mwezi ule ukawa wa saba huku ukiendelea kuitwa wa tano, kama vile Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba zinavyobeba hadi leo hesabu ya saba, ya nane, ya tisa na ya kumi. Mwaka wa Warumi ulikuwa mfupi kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo makuhani walipewa mamlaka ya kuongeza mwezi wa ziada kila ilipohitajika. Mamlaka hayo yalitumiwa vibaya: kuhani aliyetaka rafiki yake akae madarakani muda mrefu aliweza kuurefusha mwaka, na aliyetaka mpinzani wake aondoke mapema aliweza kuuacha bila nyongeza. Ilipofika zama za Julius Caesar, mtawala wa Roma, miezi ilikuwa imeachana na majira kwa kiasi kikubwa.

Caesar, kwa ushauri wa Sosigenes, mwanafalaki wa Alexandria nchini Misri, alirekebisha kalenda mwaka 46 kabla ya Kristo. Ili miezi irudi mahali pake, mwaka huo ulipewa siku 445, na kuanzia mwaka uliofuata kila mwaka ukawa na siku 365, pamoja na siku moja ya ziada kila baada ya miaka minne. Mwaka 44 kabla ya Kristo, mwaka uleule aliouawa, Quintilis ulibadilishwa jina kwa sheria iliyopelekwa na Marcus Antonius, ukaitwa kwa jina la Julius kwa sababu ndio mwezi aliozaliwa. Hapa nisahihishe maelezo yanayorudiwa mara nyingi madarasani, kwamba Julai ulipewa siku 31 ili kumtukuza Caesar, na kwamba Agosti nao ukaongezewa siku ili Augustus asionekane mdogo. Quintilis ulikuwa na siku 31 tangu kabla ya Caesar kuzaliwa, sawa na Machi, Mei na Oktoba za wakati huo.

Hesabu ya Caesar ilikuwa nzuri, lakini ilizidi mwaka wa jua kwa dakika zipatazo 11. Dakika hizo zilijilimbikiza hata Papa Gregory wa Kumi na Tatu akaamuru mwaka 1582 kwamba tarehe 4 Oktoba ifuatwe moja kwa moja na tarehe 15 Oktoba. Kalenda hiyo iliyorekebishwa ndiyo iliyoletwa na ofisi za wakoloni na shule za wamisionari, na ndiyo tunayoitumia leo serikalini, shuleni na benki.

Naomba hata hivyo tusiseme kwamba pwani yetu ilikuwa haina hesabu ya miaka kabla ya hapo. Waswahili walikuwa na kalenda mbili zilizokwenda sambamba. Ya kwanza ni ya mwezi mwandamo, inayoongoza funga, hija na sikukuu, na ambayo miezi yake baada ya Ramadhani huhesabiwa mfunguo mosi, mfunguo pili, na kuendelea. Ya pili ni ya jua, nayo ndiyo ya Nairuzi, iliyotokana na uhusiano wa kale kati ya pwani na Uajemi. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 zilizogawanywa katika miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za mwisho. Mkulima aliitumia kujua wakati wa kupanda, na nahodha aliitumia kujua wakati wa kutweka tanga na wakati wa kubaki bandarini, kwa kuwa mwezi mwandamo, unaozunguka majira yote, usingeweza kumpa yeyote kati yao hesabu hiyo.

Siku ya kwanza ya mwaka huo husherehekewa hadi leo Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa jina la Mwaka Kogwa, na katika zama zetu inaangukia Julai. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba ili kila mwenye kinyongo cha mwaka mzima akitoe hapo hadharani na kukimaliza. Kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huzunguka wakiimba, watu huenda kuoga baharini, na kila nyumba hutaka ipate mgeni wa kula naye, kwani kukosa mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa ni bahati mbaya. Ndugu zangu, wengi wetu tumeiona sherehe hii katika picha za utalii pekee. Mimi naitazama kama chombo cha kijamii kilichoundwa kwa akili nyingi, maana hapo ugomvi umepewa siku yake, mahali pake, silaha yake isiyoua, na mwisho wake unaojulikana na wote.

Tena kuna jambo la hesabu ambalo mwalimu wa historia na mwalimu wa hisabati wanaweza kulifundisha pamoja. Kalenda ya Nairuzi haina mwaka mrefu. Kwa kuwa haiongezi siku kila baada ya miaka minne, siku yake ya mwaka mpya hutangulia kwa siku moja hivi kila miaka minne inapopita, na kwa siku zipatazo 24 au 25 katika karne moja. Maana yake ni kwamba mababu wa wale wanaosherehekea leo walikuwa wakisherehekea Agosti, na kama hesabu itaachwa iende kama ilivyo, ipo siku Mwaka Kogwa utatoka Julai na kuingia Juni. Tatizo lilelile alilolikuta Sosigenes linaonekana hapa kwetu, katika kalenda iliyo hai, na mwanafunzi wa Unguja hana haja ya kwenda Roma kulielewa.

Kuhusu alama za mwezi nitasema machache. Katika unajimu wa pwani, jua huwa katika buruji ya Saratani, yaani kaa, hadi siku za ishirini na ushei za Julai, kisha huingia Asadi, yaani simba. Katika desturi za Ulaya na Marekani maua ya Julai ni yungiyungi la majini na delfinio, na jiwe lake ni yakuti nyekundu. Orodha ya mawe ya miezi inayofuatwa na wengi iliwekwa na chama cha wauza vito vya Marekani mwaka 1912, kwa hiyo umri wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Yakuti nyekundu lakini si jiwe geni kwetu. Longido, kaskazini mwa Tanzania, linapatikana ndani ya mwamba wa kijani unaopendwa na wachongaji. Huko Winza, wilayani Mpwapwa, mawe ya ubora wa juu yaliwavuta wachimbaji wengi kuelekea mwaka 2008, na nchini Kenya yakuti imechimbwa katika eneo la Mangari, karibu na Tsavo. Kama tunataka alama ya Julai inayotuhusu, basi ni jiwe linalotoka katika ardhi yetu, na ingefaa watoto wetu wajue linakochimbwa kabla ya kujua linakovaliwa.

Alama ya kweli zaidi, kwa maoni yangu, ni majira yenyewe. Julai ni kipupwe. Pepo za kusi huvuma kwa nguvu na wavuvi wengi wa vyombo vidogo hubaki pwani, nyanda za juu za Njombe na Makete hushikwa na baridi kali, na makundi ya nyumbu kutoka Serengeti huanza kuvuka mto Mara. Na kwa serikali zetu ndio mwezi unaofungua mwaka wa fedha.

Sasa nije kwenye matukio. Ya dunia nzima mnayajua: tamko la uhuru wa Marekani tarehe 4 Julai 1776, kuvamiwa kwa gereza la Bastille mjini Paris tarehe 14 Julai 1789, na binadamu kutua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Muda wangu nautaka kwa ajili ya yetu.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mjini Berlin. Ujerumani ilipewa kisiwa kidogo cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini, ikaachia Witu katika pwani ya Kenya ya leo, na ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, huku nchi ya bara iliyokuja kuitwa Tanganyika ikibaki mikononi mwa Wajerumani. Hakuna mwakilishi wa watu wa pwani wala wa bara aliyeketi katika meza hiyo. Mpaka kati ya Kenya na Tanzania, na utengano wa Unguja na Pemba na bara iliyo ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari, ulipewa nguvu ya kisheria na karatasi iliyoandikwa katika mji ambao karibu wote walioathirika nayo hawakupata kuuona.

Miaka 15 baadaye Julai ilileta jibu. Chini ya Gavana von Götzen, utawala wa Kijerumani ulikuwa ukiwalazimisha watu wa kusini mashariki kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kazi iliyowatoa katika mashamba yao wakati hasa yalipowahitaji, na malipo yake yakawa kidogo kiasi cha kutukanisha. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa akiwapa watu dawa ya maji iliyoaminiwa kuwa ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, na ibada hiyo ikaunganisha makabila ambayo hapo awali hayakuwa na uongozi mmoja. Mwishoni mwa Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, huko Nandete, watu walikwenda kwenye shamba la pamba na kung'oa miche. Hivyo ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyoanza: kwa mikono ya wakulima katika shamba walilolazimishwa kulilima, kabla Kinjikitile mwenyewe hajatoa amri ya vita. Yeye alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinasambaa kuelekea Ungoni, Upogoro na Umwera. Wajerumani waliteketeza chakula na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wapo wanahistoria wanaokadiria vifo kuwa 250,000 hadi 300,000. Tunawakumbuka Februari mashujaa walionyongwa Songea mwaka 1906, na ni haki. Lakini mwanzo wa vita hivyo ni wa Julai, ni wa Umatumbi, na vitabu vingi vya darasani vinaupita kwa sentensi moja.

Tarehe 7 Julai 1954, mjini Dar es Salaam, wajumbe wa chama cha Tanganyika African Association walikubaliana kukigeuza chama hicho, ambacho mizizi yake ilianza mwaka 1929, kiwe chama cha siasa kwa jina la TANU, yaani Tanganyika African National Union. Walikuwa wajumbe 17. Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu, akawa rais wake. Na miongoni mwa walioijenga tangu mwanzo walikuwapo John Rupia, Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz na Saadani Abdu Kandoro. Muda mfupi baadaye Bibi Titi Mohamed akawaingiza maelfu ya wanawake, wengi wao kutoka vikundi vya ngoma na lelemama vya mjini, na pasipo wao mikutano ya Mnazi Mmoja isingejaa kama ilivyojaa. Lugha iliyotumika ilikuwa Kiswahili. Msemaji wa Dar es Salaam aliweza kusimama Mwanza, Tanga au Lindi bila kuhitaji mkalimani kwa sehemu kubwa ya hadhira yake, na miaka saba baada ya mkutano ule nchi ikawa huru. Siku hiyo tumeizoea kwa jina la Sabasaba. Kwa miaka mingi ilikuwa pia sikukuu ya wakulima, kabla ya wakulima kupewa Nanenane mwezi wa Agosti, na leo wengi huihusisha na maonyesho ya biashara katika viwanja vya Barabara ya Kilwa. Sina pingamizi na maonyesho hayo. Ninachosikitikia ni kijana anayeingia viwanjani, akatembea siku nzima katika mabanda, akatoka bila kusikia lolote kuhusu wale watu 17.

Zanzibar nako Julai ina uzito wake. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Uchaguzi wa Julai 1963 uliipa chama cha Afro-Shirazi Party zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na muungano wa vyama vya ZNP (Zanzibar Nationalist Party) na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party). Si rahisi kuyaelewa Mapinduzi ya Januari 1964 bila kuiangalia hesabu hiyo kwa utulivu, nami nawaomba walimu waifundishe kama hesabu, bila kumfanya mtoto yeyote darasani aone aibu kwa upande ambao babu yake alikuwa.

Kwa majirani zetu, Julai 1960 jimbo la Katanga lilijitenga na Kongo siku chache tu baada ya uhuru, na vita vilivyofuata viliwaumiza watu wanaozungumza Kiswahili chao cha Lubumbashi na Kolwezi. Rwanda na Burundi zilipata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya, waziri aliyekuwa na umri wa miaka 38, alipigwa risasi katikati ya Nairobi, na Kenya ikampoteza mtu aliyewawezesha mamia ya vijana kwenda kusoma Marekani. Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika madaraka Oman, na katika miaka iliyofuata Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar walikaribishwa kurudi, ndiyo sababu Kiswahili kinasikika Muscat hadi leo. Visiwa vya Komoro vilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Tarehe 4 Julai 1994 jeshi la RPF, yaani Rwandan Patriotic Front, liliingia Kigali, na Wanyarwanda huiadhimisha siku hiyo kama ya ukombozi baada ya mauaji ya kimbari.

Niirudie tarehe saba, maana Kenya nayo ina Saba Saba yake. Mwaka 1990, nchi ikiwa chini ya chama kimoja kwa mujibu wa kifungu cha 2A kilichoingizwa katika katiba mwaka 1982, Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwaita wananchi katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai mfumo wa vyama vingi. Mkutano haukuruhusiwa, na wao wawili wakawekwa kizuizini siku tatu kabla. Tarehe 7 Julai watu walikwenda Kamukunji vivyo hivyo, bila viongozi wao, wakijua kwamba polisi walikuwa wakiwasubiri. Walitawanywa kwa marungu, gesi ya machozi na risasi, machafuko yakaenea katika miji mingine kwa siku kadhaa, na serikali yenyewe ilikiri vifo vipatavyo 20. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa. Matiba alitoka kizuizini akiwa na afya iliyoharibika kwa kiharusi, na hakupona kabisa hadi alipofariki mwaka 2018. Wale waliokufa mitaani wengi wao hatuyajui majina yao.

Tarehe hiyohiyo, 7 Julai 2000, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kukumbuka nafasi ya lugha hii katika harakati zilizoanza na TANU, na Julai 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitambua.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa ombi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kwao, Umatumbi, Ungoni, Umwera na kwingineko, kuwahoji wazee waliokuwa wameviona Vita vya Maji Maji kwa macho yao. Ilikuwa miaka 63 baada ya Julai ile, na wangechelewa kidogo wasingemkuta wa kumuuliza. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu Nandete na Ngarambe kutoka kwa wenyeji wenyewe ilitokana na kazi hiyo. Aliyekuwa na miaka 20 TANU ilipozaliwa sasa amepita 90. Aliyepiga kura Unguja au Pemba Julai 1963 amepita 80. Aliyekimbia mabomu ya machozi Kamukunji akiwa kijana bado yuko kazini, au ndiyo kwanza anastaafu. Naomba kila shule iliyowakilishwa hapa ichague, kabla ya Julai ijayo, wazee watatu au wanne katika kata yake, iwatume wanafunzi wakiwa na daftari na simu ya kurekodi, iwaulize walikuwa wapi na waliona nini, na ihifadhi nakala moja katika maktaba ya shule na nyingine kwa familia ya mzee. Walimu wa Kiswahili wasimamie uandishi, ili maneno ya mzee yabaki kama alivyoyatamka, na walimu wa historia wasimamie tarehe. Niko tayari kukaa na walimu watakaopenda kuanza, tuandae maswali pamoja leo hii baada ya mkutano.

Asanteni kwa kunisikiliza.